Nijisajili Medicare, nijitoe rasmi, au niache kama ilivyo?

SWALI: "Nina leseni ya LPC (mshauri nasaha wa taaluma) hapa Texas na ofisi yangu ndogo ya ushauri nasaha. Wateja wangu wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo. Baadhi wanalipa taslimu, dola 120 kwa kikao, na wengine wana bima za kazini. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, sijawahi kuigusa. Sasa mteja wangu mmoja anatimiza miaka 65 baada ya miezi mitatu, na wazee wawili kanisani wameniuliza kama napokea kadi yao. Wenzangu wengine wananishauri nijitoe, wengine wanasema niache tu mambo yaende. Nifanye nini?"

JIBU: Tuanze na hiyo ya kuacha mambo yaende, kwa sababu ndiyo itakayokuingiza matatani. Wanaokupa ushauri huo hawakutungii uongo, wanakumbuka tu hali ya zamani. Hadi mwisho wa 2023 Medicare haikuwatambua kabisa washauri wenye leseni ya LPC wala wataalamu wa tiba ya ndoa na familia. Huduma yako haikuwa kwenye orodha yao, kwa hiyo mzee mwenye kadi alikulipa mfukoni kama mtu mwingine yeyote na hakuna aliyekuuliza. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini Desemba 29, 2022 ilibadilisha hilo, na tangu Januari 1, 2024 kazi yako ni huduma inayolipiwa na sehemu B ya Medicare, ile inayolipia madaktari na huduma za nje ya kulazwa.

Mlango ulipofunguliwa, ulikuja na wajibu wake. Huduma ikishakuwa ndani ya sehemu B, anayeitoa kwa malipo kwa mtu mwenye sehemu B lazima apeleke dai Medicare, na hawezi kupeleka dai kama hajasajiliwa. Njia pekee ya kukwepa wajibu huo ni kujitoa rasmi kwa hati ya kiapo na kusaini mkataba binafsi na kila mteja mwenye sehemu B. Asiyefanya hili wala lile hana ruhusa ya kumtoza mtu huyo hata senti, na sheria inaweka faini kwa anayekataa kwa makusudi kupeleka madai. Kumpa mzee risiti ili akadai mwenyewe hakusaidii, wala mzee kukwambia "mimi nimekubali kulipa" hakubadilishi kitu. Siku mteja wako anapoanza sehemu B, dola 120 unazopokea zinakuwa tozo isiyo halali, hata kama mmeonana wiki kwa wiki kwa miaka mitano.

Kwa hiyo zimebaki njia mbili, na kwa hali uliyoeleza ningekushauri ujisajili. Sababu ya kwanza ni kwamba njia hizi hazilingani uzito. Aliyejisajili akiona hali haimfai anaweza kujitoa baadaye. Aliyejitoa amejifungia kwa miaka miwili. Kama ni mara yake ya kwanza ana siku 90 tangu kujitoa kuanze za kubadili mawazo. Zikipita, atasubiri miaka miwili iishe. Na miaka hiyo hujirudia yenyewe kila inapokwisha, mpaka aandike barua ya kusitisha angalau siku 30 kabla ya kipindi kumalizika. Watu husahau tarehe hiyo, wakajikuta wameingia miaka mingine miwili bila kutaka.

Zaidi ya hapo, kujitoa kunakufuata wewe popote unapofanya kazi, si ofisi yako tu. Ukipata kazi ya siku mbili kwa wiki kwenye kliniki ya jamii, kliniki hiyo haiwezi kudai Medicare kwa kazi ya mikono yako. Tangu 2024 kliniki za afya za vijijini na vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na serikali kuu vinaweza kulipwa kwa kazi ya watu wenye leseni kama yako, kwa hiyo umeanza kutafutwa. Usijifungie mlango huo kwa sababu ya wateja watatu.

Sasa pesa. Sheria imeweka malipo yako kuwa asilimia 75 ya anacholipwa mwanasaikolojia wa kliniki kwa huduma ileile. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa kliniki wako kwenye kiwango hichohicho, kwa hiyo hujabaguliwa peke yako, ingawa ni kweli inauma. Chukua viwango vya taifa vya 2025, kabla ya marekebisho ya eneo. Kikao kirefu, ambacho kwenye madai huandikwa kwa namba 90837, kilikuwa takriban dola 154 kwa mwanasaikolojia. Asilimia 75 yake ni dola 115.50. Medicare inalipa asilimia 80 ya hiyo, yaani dola 92.40, halafu inakata asilimia 2 ya makato ya bajeti kwenye sehemu yake, inabaki dola 90.55. Mgonjwa au bima yake ya ziada analipa asilimia 20, dola 23.10. Mkononi unapata dola 113.65. Ukilinganisha na dola 120 unazotoza taslimu, tofauti haifiki dola 7.

Lakini ngoja kwanza. Hesabu hiyo ni ya kikao cha dakika 53 na zaidi. Wewe kikao chako ni cha dakika ngapi? Washauri wengi wamezoea dakika 50, kumi za mwisho wakaziacha kwa kuandika na kupumua. Kwa Medicare dakika 50 ni namba 90834, ambayo ni ya dakika 38 hadi 52. Mwanasaikolojia alilipwa takriban dola 104 kwa hiyo mwaka 2025, wewe ni dola 78, na baada ya makato unabaki na kama dola 76.75. Dakika tatu zinabeba tofauti ya karibu dola 37. Nusu ya ubishi wa kama Medicare inalipa au hailipi inaishia hapa: mtu anatoa dakika 50, analipwa za 90834, halafu analalamika kwamba serikali imemdhulumu.

Suluhisho si kuandika 53 pale ulipofanya 50. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwenye kila rekodi, kwa mfano 10:02 hadi 10:57, na dakika zihesabu mazungumzo na mgonjwa peke yake. Kupanga miadi ijayo, kupokea malipo na kuandika rekodi si tiba. Rekodi zako zote zikisomeka dakika 53 kamili, mkaguzi ataona kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Panga wazee kwenye nafasi za dakika 60 kama hali yao inahitaji muda huo, na sababu ya kuhitaji muda huo iwe imeandikwa. Kikao cha dakika 16 hadi 37 ni 90832, chini ya dakika 16 hakidaiwi kabisa. Tathmini ya mara ya kwanza ni 90791, takriban dola 125 kwa kiwango chako mwaka huohuo.

Januari na Februari pesa hukawia, na sababu ni kiasi cha awali ambacho kila mwenye sehemu B hubeba mwenyewe kabla Medicare haijaanza kulipa. Mwaka 2025 kilikuwa dola 257, mwaka 2026 ni dola 283. Mzee ambaye hajaonana na daktari tangu mwaka uanze atalipa kwako vikao viwili vizima na sehemu ya cha tatu. Mwambie mapema, Desemba, usimshtukize na bili. Aliyekwisha kwenda kwa daktari wa moyo wiki ya kwanza ya Januari huenda kiasi hicho amekimaliza huko.

Kuna jambo moja linalowakwaza sana wanaotoka kwenye malipo ya taslimu. Kundi lako la leseni linalazimika kupokea kiwango cha Medicare kama malipo kamili. Madaktari wana njia ya kutoza kidogo zaidi ya kiwango, wewe huna. Ukiona dola 115.50 hazitoshi, huwezi kumwomba mgonjwa aongeze zile nne na nusu zifike 120.

Na huwezi kumpunguzia pia, na hapa ndipo mila zetu zinapogongana na sheria yao. Mzee amemaliza kikao, anatoa pochi kutafuta dola 23 zake, na ulimi wako unataka kusema, "Acha tu mzee wangu, ile ya bima inatosha." Ukisema hivyo kwa kila mzee umevunja sheria ya serikali kuu inayokataza kuvutia wagonjwa kwa kuwafutia mchango wao. Kinachoruhusiwa ni kumsamehe mtu mmojammoja ambaye kweli hana uwezo, baada ya kumuuliza kipato na gharama zake na kuweka karatasi hiyo kwenye faili, bila kuitangaza kama desturi ya ofisi. Fomu ya ukurasa mmoja yenye saini yake inatosha.

Tofauti yake ni watu wenye mpango uitwao QMB, yaani wale ambao Medicaid, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, inawabebea gharama za Medicare kwa sababu ya kipato kidogo. Hao hairuhusiwi kuwadai mchango hata mara moja, hata kama Medicaid ya Texas imekulipa kidogo au haikukulipa kitu. Hadhi hiyo huonekana unapokagua bima ya mgonjwa kwenye mfumo, na pia kwenye taarifa ya malipo. Ukitaka kudai sehemu ya Medicaid lazima uwe umesajiliwa nao kwa njia ya TMHP, ofisi inayoshughulikia madai ya Medicaid ya Texas. Usajili wa Medicare hauhamii huko wenyewe. Kwa jamii unayoihudumia wenye QMB hawatakuwa wachache, kwa hiyo kwenye hesabu zako chukulia kwamba baadhi ya vikao vitakuletea dola 90 badala ya 113.

Ukimwona mgonjwa mwenye bima ya ziada, ile inayoitwa Medigap, furahi. Mara nyingi dai likishalipwa na Medicare linavuka lenyewe kwenda kwa bima hiyo, na asilimia 20 inakuja bila wewe kutuma kitu cha pili.

Kabla ya yote, hakikisha mzee ana kadi ipi hasa. Kadi ya Medicare ya serikali ina rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na namba yenye herufi na tarakimu 11. Soma chini yake imeandikwa sehemu gani. Mwenye sehemu A peke yake, ile ya kulazwa hospitali, kwa kawaida kwa kuwa bado yuko kazini na ana bima ya mwajiri, huduma yako haimo kwenye kadi yake, na unaweza kuendelea naye kama zamani. Mwenye A na B lakini anafanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya kazini inatangulia na Medicare inafuata. Akistaafu, zinabadilishana nafasi. Kuna pia walio chini ya miaka 65 waliopata kadi baada ya miezi 24 ya kulipwa mafao ya ulemavu, kwa hiyo usikisie kwa mvi. Muulize kila mtu.

Halafu kuna Medicare Advantage. Zaidi ya nusu ya watu wenye Medicare sasa wamo kwenye mipango hii inayoendeshwa na kampuni binafsi. Usajili wako wa serikali haukuingizi kwenye orodha ya watoa huduma wa kampuni hata moja. Kila moja ina maombi yake, mkataba wake na viwango vyake. Mzee atakuonyesha ile kadi ya serikali kwa sababu anaiheshimu na ameihifadhi vizuri, huku ya kampuni imebaki nyumbani. Utatuma dai serikalini, litakataliwa. Kagua bima kabla ya kikao cha kwanza, na ukague tena kila Januari, kwa sababu watu hubadilisha mipango kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, wakati mwingine kwa simu ya wakala waliyeielewa nusu. Wale wazee wawili wa kanisani waulize hili kwanza. Kama wote wako kwenye mpango wa kampuni moja, mkataba na kampuni hiyo ni wa haraka sawa na usajili wenyewe.

Kwa wazazi walioletwa na watoto wao kutoka Nairobi au Dodoma: aliye na green card bila historia ya kazi ya kutosha Marekani anaweza kununua sehemu B akifikisha miaka 65 na miaka mitano mfululizo ya kukaa Marekani. Kabla ya hapo hana Medicare, na hakuna kinachokuzuia kupokea taslimu. Kwa Wakongo waliokuja kama wakimbizi, kuna sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inayowaondoa kwenye Medicare watu wenye hadhi ya ukimbizi au hifadhi ambao hawajapata green card, na waliokuwa tayari ndani wataondolewa ifikapo Januari 2027. Mkimbizi anaweza kuomba green card baada ya mwaka mmoja nchini, lakini wako wazee ambao hawakuomba, au faili lao limekwama. Ukiwa na mteja wa namna hiyo, mwelekeze kwa mwanasheria wa uhamiaji sasa hivi.

Tuje kwenye kujisajili kwenyewe. Masharti ya elimu unayo: shahada ya uzamili au ya uzamivu, leseni kamili ya jimbo, na baada ya shahada miaka miwili au saa 3,000 za kazi ya kliniki chini ya usimamizi. Leseni ya LPC Associate, ya mshauri ambaye bado yuko chini ya usimamizi, haitoshi. Wala usidai kwa jina lako kazi aliyofanya mshauri unayemsimamia. Kinacholipwa ni kikao ulichokifanya mwenyewe.

Maombi ni fomu CMS-855I, na njia nyepesi ni kuijaza mtandaoni kwenye PECOS, mfumo wa usajili wa Medicare. Hakuna ada kwa mtaalamu binafsi. Texas maombi yanapokewa na Novitas Solutions, kampuni inayoendesha madai ya Medicare kwa jimbo hilo. Pamoja nayo jaza CMS-588 ya kupokea malipo benki, ukiambatisha hundi iliyobatilishwa au barua ya benki. Kama ofisi yako ni LLC unayoimiliki peke yako, 855I inatosha. Mkiwa wawili au zaidi, kampuni inajisajili kwa 855B halafu kila mmoja anahamishia malipo yake kwake.

Kinachorudisha maombi mengi ya watu wetu ni majina. Leseni ina majina mawili, kadi ya Social Security ina matatu, NPI, namba yako ya taifa ya mtoa huduma, uliichukua kabla hujaoa au kuolewa, akaunti ya benki imefupisha jina la kati kuwa herufi, na barua ya IRS (mamlaka ya kodi) ya kampuni ina koma ambayo kwingine haipo. Mtu anayechakata maombi hajui kwamba jina la babu na jina la ukoo vimebadilishana nafasi pale uhamiaji. Anachoona ni watu wawili tofauti. Kabla ya kufungua PECOS, weka mezani leseni, kadi ya Social Security, ukurasa wa NPI, barua ya IRS na taarifa ya benki, usome herufi kwa herufi. Ukurasa wa NPI unaurekebisha mwenyewe mtandaoni, kwa hiyo anza na huo. Hapohapo thibitisha namba ya fani yako: 101YM0800X ni ya mshauri wa afya ya akili, 101YP2500X ni ya mshauri mwenye leseni ya taaluma, 106H00000X ni ya tiba ya ndoa na familia.

Anwani nayo ifikirie. Kama unafanya kazi kwa video ukiwa nyumbani, anwani ya nyumba yako inaweza kuishia kwenye orodha ya umma ambayo kila mgonjwa anaiona. Fomu ina sehemu ya kuonyesha kwamba mahali hapo ni ofisi ya nyumbani kwa kazi za utawala au za video tu. Itie alama.

Wakikuandikia kuuliza kitu, una siku 30 za kujibu. Barua hizo huenda kwa barua pepe ya mtu uliyemtaja kama wa kuwasiliana naye, na zikiangukia kwenye taka maombi yote yanakataliwa, unaanza upya na tarehe mpya. Tarehe ndiyo pesa hapa: usajili huanza siku maombi yalipopokelewa au siku ulipoanza kutoa huduma mahali hapo, ile iliyo ya mwisho kati ya hizo mbili, na unaweza kudai huduma za hadi siku 30 kabla ya tarehe hiyo.

Kwa mteja anayetimiza 65, aliyejiandikisha mapema sehemu B inamwanzia siku ya kwanza ya mwezi wa kuzaliwa. Ukituma maombi wiki hii una muda. Hata kama jibu halijafika siku hiyo, endelea kumwona, usimtoze, weka madai kando na uyatume usajili ukikamilika, maana dai lina miezi 12 tangu siku ya huduma. Likiwa safi na limetumwa kielektroniki, malipo hutoka siku ya 14 hivi. Ukiona mwezi umepita kimya, jua kuna kitu kimekataliwa huko kwenye kampuni inayokupitishia madai, na hakijafika Novitas kabisa.

Kuhusu rekodi sitasema mengi, kwa sababu ukiwa na bima za kazini tayari unajua: utambuzi wa ugonjwa, mpango wa tiba wenye malengo yanayopimika, na maendeleo ya kila kikao yanayorejea mpango huo. Ila mawili. Ugomvi wa ndoa peke yake si ugonjwa kwa Medicare. Kikao na mke na mume, namba 90847, kinalipwa pale lengo lake kuu ni kutibu hali ya yule mwenye kadi, kwa mfano sonona yake, na rekodi ionyeshe hivyo. La pili ni lugha. Kutoa tiba kwa Kiswahili au Kilingala hakuna nyongeza. Wapo wanaobandika namba 90785 ya ugumu wa mawasiliano kwa sababu kikao kilihitaji mkalimani au kilikuwa cha lugha nyingine, na Medicare imesema wazi kwamba ukalimani pekee si sababu. Ukigundua umelipwa kimakosa, una siku 60 za kurudisha.

Miadi iliyokosekana unaweza kuitoza mwenyewe, kwa sharti kwamba wateja wote wanatozwa vivyo hivyo, na usiipeleke Medicare.

Video inaruhusiwa mgonjwa akiwa nyumbani kwake, na simu ya sauti tu pia inaruhusiwa kama mgonjwa hawezi au hataki video. Lipo sharti la kuonana ana kwa ana ndani ya miezi sita kabla ya kikao cha kwanza cha video, na Bunge la Marekani limekuwa likiliahirisha tena na tena, wakati mwingine dakika ya mwisho. Angalia tarehe inayotumika leo kwenye tovuti ya CMS, idara inayoendesha Medicare, na kwa mgonjwa mpya mwenye uwezo wa kufika, mwone ofisini kwanza, ili yaamuliwe vyovyote wewe uwe salama. Ila jambo hili halibadiliki: Medicare hailipi huduma nje ya Marekani. Mzee wako akienda Kisumu miezi mitatu wakati wa baridi, vikao vya video vya kipindi hicho havidaiwi. Nawe ukiwa likizo Mombasa na kompyuta mezani, vikao unavyofanya kutoka huko havidaiwi pia, hata kama mgonjwa ameketi Houston. Muulize mgonjwa yuko wapi mwanzoni mwa kila kikao cha video, na uandike jibu.

Kujisajili hakukulazimishi kupokea kila mwenye kadi anayepiga simu. Unaweza kuamua una nafasi nne za Medicare kwa wiki na zimejaa. Usichoweza ni kumpokea mtu halafu umtoze taslimu kwa huduma inayolipiwa kwa sababu nafasi za Medicare zimekwisha.

Ni nani basi ningemwambia ajitoe? Mtu anayetoza dola 200 na ratiba yake imejaa, hana mpango wa kuajiriwa kliniki, na wateja wake wenye kadi ni wachache wanaoweza kulipa bila kudai popote. Au anayefanya kazi ambayo Medicare haitambui kama tiba, na anataka kujikinga na mteja mmojammoja anayefika miaka 65. Huyo naye aifanye kazi yote. Hati ya kiapo iende Novitas, na ni salama zaidi iwafikie siku 30 kabla ya robo mwaka kuanza. Mkataba binafsi usainiwe na kila mteja mwenye sehemu B kabla ya kikao, kwa maandishi makubwa yanayosomeka, ukisema kwamba Medicare haitalipa, bima ya Medigap haitalipa, na kwamba ana haki ya kwenda kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Usimsainishe mtu akiwa katika dharura, mkataba huo hausimami. Mteja apewe nakala yake, na mkataba usainiwe upya kila miaka miwili mipya inapoanza. Ukipeleka hati ya kiapo halafu ukasahau mkataba wa mteja mmoja, kwa mteja huyo huna msingi wa kumtoza.

Na kama mteja ana bima ya kustaafu inayofuata nyuma ya Medicare, mweleze kabla hajasaini kwamba huenda nayo ikakataa kulipa, kwa kuwa nyingi husubiri Medicare ilipe kwanza. Mwambie ampigie simu mwenye bima hiyo aulize kwa jina lako, na aandike tarehe na jibu alilopewa.